Kuonja jini kavu ya London: maji kwanza, toniki baadaye

Jini ni pombe kali inayopata ladha yake hasa kwa matunda ya mreteni, na ile kavu ya London haitiwi utamu. Kwa anayeanza, nashauri chapa ya Tanqueray. Viungo vyake vinavyojulikana ni vinne tu: matunda ya mreteni, mbegu za giligilani, mzizi wa mmea uitwao anjelika, na likorisi (mzizi wenye utamu). Jini yenye viungo kumi na kitu huichosha pua changa. Zile za rangi ya waridi ziache kabisa.

1. Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Mimina mililita 20 hivi. Chupa isiwe imetoka kwenye friji, maana baridi huficha harufu.

2. Nusa kwa mbali, mdomo ukiwa wazi kidogo.

3. Ongeza maji. Wengi niliowaelekeza hukwama hapa, kwa hiyo usiharakishe. Jini yenye kilevi cha asilimia 47.3 huunguza pua kabla hujasikia chochote. Ikitiwa maji kiasi sawa hushuka hadi karibu 24, na hapo harufu zinaachana. (Soma lebo, nguvu hutofautiana kati ya soko na soko. Ya asilimia 40 haihitaji maji mengi hivyo.) Tumia maji ya chupa yasiyo na gesi wala ubaridi. Ya bomba yana klorini, na klorini utainusa kabla ya mreteni. Tia kidogo kidogo, ukinusa kila mara.

Itakayotangulia ni harufu ya utomvu wa msonobari: huo ndio mreteni. Kama huijui, na uko Usambara au karibu na Aberdare, fikicha majani ya mtarakwa, ndugu yake wa huku kwetu. Kisha ponda mbegu chache za giligilani kiganjani, unuse, halafu urudi kwenye glasi. Ile harufu ya ganda la chungwa uliyodhani ni ya tunda, mara nyingi inatoka kwenye mbegu hizo. Anjelika iko chini zaidi, kama udongo mkavu na mizizi. Ukipotea, rudi kwenye mbegu.

4. Onja. Zungusha mdomoni, kisha meza au tema. Utamu mdogo unaobaki ulimini si wa sukari: sheria ya Ulaya hairuhusu jini ya London izidi gramu 0.1 ya sukari kwa lita.

5. Sasa mimina nyingine, na toniki (maji ya gesi yenye kwinini) mara mbili yake. Ukiusikia bado mreteni juu ya uchungu wa kwinini, jini hiyo inaibeba toniki vizuri. Usipousikia, punguza toniki.