Anza na bisibisi: kazi ya kwanza ya fundi bunduki wa nyumbani nchini Marekani

Mtu anayenunua mashine ndogo ya kukereza vyuma na kuiweka kwenye karakana ya nyumbani, kwa nia ya kuzitunza bunduki zake mwenyewe, kwa kawaida huwa na hamu ya kuugusa mtutu kabla ya kitu kingine chochote. Ningemshauri aanze na bisibisi. Ukiishika bunduki ya zamani iliyopita mikononi mwa watu wengi, utaona vichwa vya skrubu vilivyochubuka, mifereji iliyopanuka na mikwaruzo iliyotoka kwenye skrubu ikaishia kwenye chuma chenye nakshi. Na uharibifu huo haukuletwa na kutu wala na baruti, bali na bisibisi isiyofaa iliyoshikwa na mtu mwenye nia njema.

Sababu yake ni ya kimaumbo. Ncha ya bisibisi bapa ya kawaida imechongwa kama kabari, nene juu na nyembamba chini, ilhali mfereji wa skrubu ya bunduki mara nyingi ni mwembamba na kuta zake zimesimama wima. Kabari ikiingia humo hugusa kingo za juu tu, na mkono unapoizungusha kwa nguvu, nguvu hiyo hugeuka kuisukuma bisibisi itoke nje. Ncha inayofaa ni ile ambayo nyuso zake mbili ziko sambamba, inayojaza mfereji kwa unene, inayofika mpaka chini ya mfereji, na ambayo upana wake unakaribia kipenyo cha kichwa cha skrubu bila kukizidi. Kwa kuwa watengenezaji wa zamani hawakufuata kipimo kimoja, ncha za kununua hazitatosha kila mahali, na hapo ndipo mashine yako ya kukereza inapokuwa na faida ya kweli tangu wiki ya kwanza.

Kabla ya kupima chochote, ondoa risasi kwenye bunduki, fungua chemba, tazama kwa macho na uguse kwa kidole kuhakikisha kuwa ni tupu, kisha hamisha risasi zote kutoka katika chumba hicho. Rudia ukaguzi huo kila unapoirudia bunduki baada ya kuiacha, hata kama hakuna mtu mwingine aliyeingia.

Pima unene wa mfereji kwa vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, ukiongeza kimoja kimoja mpaka kile kinachoingia bila kulegea, na upime kipenyo cha kichwa kwa kalipa. Tuseme umepata mfereji wa milimita 0.9 na kichwa cha milimita 6. Chukua fimbo ya feleji ya zana ya daraja la O1 yenye kipenyo cha milimita 8, ambayo huuzwa ikiwa laini na hugumishwa baadaye kwa mafuta. Ibane kwenye taya za mashine ikitokeza kwa urefu usiozidi mara tatu ya kipenyo chake, kwa sababu fimbo ndefu isiyoegemezwa nyuma hupinda mbele ya kisu na kukupa umbo lenye mteremko ambao hukuutaka. Weka ncha ya kisu katika kimo cha kitovu cha fimbo. Kwa kisu cha feleji ya kasi, mwendo wa mita 20 kwa dakika unafaa kwa chuma hiki. Zidisha 20 kwa 320 kisha ugawanye kwa kipenyo cha milimita 8, nawe utapata mizunguko 800 kwa dakika. Kereza sehemu ya mbele hadi milimita 5.8 kwa urefu wa milimita 15 hivi. Pale kipenyo kidogo kinapokutana na kikubwa usiache kona kali, bali acha mviringo mdogo, kwa maana kona kali ndiyo mahali ambapo chuma hupasuka kinapozamishwa kwenye mafuta kikiwa chekundu.

Usivae glavu wala mikono mirefu unapotumia mashine hii, vaa miwani ya kinga, na usiuachie kamwe ufunguo wa taya mahali pake hata kwa sekunde moja.

Nyuso mbili bapa huchongwa kwa tupa kwenye jiliwa, na hapa haifai kuharakisha. Chonga upande mmoja, geuza, chonga upande wa pili kwa idadi ileile ya mipigo, kisha pima kwa maikromita kwenye ncha yenyewe na tena milimita 5 nyuma yake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, umetengeneza kabari nyingine. Acha unene wa ziada wa milimita 0.05, halafu malizia kwa msasa laini uliolazwa juu ya bamba tambarare, ukiijaribu ncha kwenye mfereji wenyewe mpaka iingie kwa kusukumwa kidogo na ikae bila kucheza. Mikwaruzo ya mwisho ya msasa ielekee urefu wa bisibisi, si kukatiza upana wake, kwa kuwa mkwaruzo uliokatiza ni mwanzo wa ufa.

Kugumisha kunahitaji mwenge wa gesi, sumaku, na chombo cha chuma chenye mafuta na kifuniko chake, pamoja na kizima moto karibu. Pasha ncha sawasawa mpaka sumaku isikamate tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za selsiasi, kisha endelea kidogo hadi kama nyuzi 800, na uizamishe wima ndani ya mafuta ukiipandisha na kuishusha. Ikishapoa, tupa inapaswa kuteleza juu yake bila kung'ata. Katika hali hiyo ncha ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, kwa hiyo ing'arishe hadi ionekane nyeupe, kisha uanze kuipasha taratibu kutoka upande wa mpini. Utaona rangi zikisafiri kuelekea ncha: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Buluu inapofika kwenye ncha, yaani takriban nyuzi 290 hadi 300, izamishe majini papo hapo. Buluu ndiyo inayoipa bisibisi uwezo wa kustahimili msokoto. Ukiishia kwenye manjano utapata zana inayokatika ndani ya skrubu, na hilo ni tatizo kubwa kuliko lile ulilotaka kuliepuka.

Unapoitumia, weka bunduki kwenye jiliwa lililovikwa ngozi, tia mafuta ya kupenya kwenye skrubu na uiache usiku mzima, kisha sukuma chini kwa uzito wa mwili huku mkono ukizungusha. Chora kwanza kwa penseli jinsi mfereji wa kila skrubu ulivyolala, kwa sababu kwenye bunduki nyingi nzuri mafundi wa awali waliipanga mifereji ielekee mstari wa mtutu, na kuirejesha hivyo ni heshima kwa kazi yao na pia ni ushahidi kwamba hukukaza kupita kiasi.

Sheria huingia mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, na huingia kupitia kazi ambazo zinaonekana kuwa usafi tu. Chukulia mtu anayeng'arisha mwili wa bunduki ili aupake rangi ya buluu upya. Msasa hauchagui kati ya kutu na namba ya utambulisho iliyochorwa kwenye chuma, na sheria ya shirikisho inakataza kumiliki silaha iliyosafirishwa katika biashara ya kati ya majimbo ambayo namba yake imefutwa, kuondolewa au kubadilishwa. Kwa hiyo funika namba kabla ya kugusa msasa, fanya kazi ya mkono kuzunguka eneo hilo, na usikubali gurudumu la kung'arishia lilikaribie. Ukiona bunduki ya kale isiyo na namba kabisa, usidhani mara moja kuwa kuna uovu: bunduki nyingi ndefu zilizotengenezwa kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 zilitoka kiwandani bila namba. Lakini alama za tupa mahali ambapo namba ilipaswa kuwa ni sababu ya kuweka zana chini na kumwona mwanasheria.

Mtutu una mpaka wake, nao ni wa kipimo. Sheria ya Kitaifa ya Silaha ya mwaka 1934 huchukulia kwa namna ya pekee bunduki ya mfereji wa msokoto yenye mtutu chini ya inchi 16, bunduki ya marisawa yenye mtutu chini ya inchi 18, na yoyote kati ya hizo iliyokatwa ikawa na urefu wote chini ya inchi 26. Anayesawazisha mdomo wa mtutu uliogongwa anaweza kuuvuka mpaka huo bila kukusudia. Pima kwa kusukuma fimbo ndani ya mtutu, bunduki ikiwa tupu na bolti, yaani kipande kinachoziba chemba kwa nyuma, imefungwa, hadi iguse uso wa bolti, kisha weka alama kwenye fimbo usawa wa mdomo. Kifaa kinachofungwa mdomoni kwa nyuzi za skrubu tu hakihesabiwi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi ya dola 200 iliyokuwa ikilipwa kwa bunduki zilizofupishwa imekuwa sufuri, lakini ruhusa ya ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha, na usajili kabla ya kukata vingali vya lazima, na adhabu ya kutofanya hivyo yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Ningeacha angalau nusu inchi ya salama juu ya kipimo cha sheria, na kama haipatikani, ningempelekea kazi hiyo fundi mwenye leseni.

Vipande vya ndani vya kifyatulio usivichonge. Nasema hivyo bila kusitasita, hata kwa mwenye mkono mzuri wa tupa. Uso mdogo unaoshikilia nyundo ukipungua kidogo tu, bunduki inaweza kufyatua inapoangushwa, au kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja wa kifyatulio, na silaha ya namna hiyo kisheria ni bunduki ya rashasha, ambayo raia wa kawaida hawezi kuisajili mpya tangu tarehe 19 Mei 1986. Kipande kilichochakaa hubadilishwa kwa kipya cha kiwandani.

Halafu kuna jirani anayeleta bunduki yake. Sheria ya shirikisho inamhesabu kuwa mfanyabiashara yule anayetoa muda na kazi yake katika kutengeneza silaha kama shughuli ya kawaida ya kujipatia riziki na faida, na inamwacha nje anayefanya matengenezo ya mara mojamoja. Mstari huo hauna tarakimu, na ndiyo maana mtu huuvuka akidhani bado yuko kwenye burudani. Ukishaanza kupanga bei, kutangaza huduma na kupokea kazi kila wiki, omba leseni ya shirikisho ya silaha ya aina ya 01: ada yake ni dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, na dola 90 kila unapoihuisha kwa miaka mitatu mingine. Mwenye leseni huandika katika daftari la kudumu kila silaha inayoingia na kutoka, isipokuwa ile ya matengenezo inayorudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Mimi ningeshika daftari hata bila leseni, nikiandika tarehe, namba ya silaha, kipimo cha kila skrubu na kila kilichobadilishwa, maana kumbukumbu hiyo huokoa saa nyingi bunduki inaporudi.

Majimbo yana sheria zao juu ya hizo za shirikisho, na tofauti ni kubwa zaidi kwa anayefikiria kujitengenezea silaha mwenyewe. Kwa mfano, California inamtaka apate namba kutoka Idara ya Sheria ya jimbo kabla hajaanza, sharti linalotumika tangu tarehe 1 Julai 2018. Soma sheria ya jimbo lako kwenye tovuti ya bunge la jimbo hilo, toleo la mwaka huu, na uisome tena unapohama, kabla ya kufungua sanduku la zana.