Kupanga anwani za vifaa vya SCSI kwenye seva ya zamani

Hapa Mtwara bado ninaletewa seva za zamani zilizobeba kumbukumbu za misimu mingi ya korosho, na mara nyingi mwenyewe anachotaka ni kuunganishiwa diski ya pili au kifaa cha tepu ili data itolewe kabla mashine haijafa. Vifaa hivyo hutumia SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski na tepu kadhaa kwenye kebo moja, na havijipangii anwani kama vya USB. Kila kimoja hupewa namba yake kwa mkono, na viwili vikipewa namba moja kwenye kebo moja, mawasiliano huvurugika.

Zima seva, chomoa waya wa umeme, kisha orodhesha kwenye karatasi kila kifaa na namba yake. Kebo ya pini 50 inapokea namba 0 hadi 7. Ya pini 68 inapokea 0 hadi 15. Iache namba 7, kwani kwa kawaida ni ya kadi ya SCSI yenyewe, ile iliyo ndani ya seva na inayoongoza kebo. Hiyo ndiyo yenye kipaumbele kikubwa kuliko zote katika kutumia kebo, ikifuatwa na 6 kushuka hadi 0, kisha 15 kushuka hadi 8. Kwa sababu hiyo tepu, ambayo ikicheleweshwa husimama na kurudi nyuma, mimi huipa 6 au 5, na diski ya kuwashia mfumo huibakiza kwenye 0.

Sasa jampa, yaani vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili kwenye kifaa. Tafuta jozi tatu au nne za pini zenye thamani 1, 2, 4 na 8. Anwani ni jumla ya jozi ulizofunika. Kwa 5, funika ya 4 na ya 1. Kwa 0, usifunike yoyote. Mpangilio wa jozi hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo soma lebo ya diski kwa tochi. Diski ya pini 80 haihitaji kazi hii, kwa kuwa anwani hutolewa na nafasi inapochomekwa.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, yaani hewa ya chumvi. Nikiwa Lindi niliwahi kuweka diski kwenye 5, lakini jampa ya thamani 1 ilikuwa imeliwa na kutu na haikupitisha umeme, kwa hiyo diski ikasomeka 4, namba iliyokuwa tayari na kifaa kingine. Nilipoteza mchana mzima. Tangu hapo husafisha pini kwa spiriti na kutumia jampa mpya.

Hakikisha tamineta, yaani vizuizi vinavyozuia mawimbi ya umeme kurudi nyuma kwenye kebo, zipo kwenye ncha mbili za mnyororo wa vifaa tu, wala si katikati. Washa vifaa vya nje kwanza, seva baadaye, na usome orodha ambayo kadi huonyesha kwenye skrini. Kifaa kimoja kikijitokeza kwenye anwani zote, umekipa namba ya kadi, zima, ukibadilishe. Orodha ikilingana na karatasi yako, anza kunakili data siku hiyohiyo.