Kutengeneza kijigazeti cha kejeli, Mtwara

Kunja karatasi ya A4 mara tatu, ifungue, chana kwa mkasi mkunjo wa katikati tu bila kufika kingo, kisha ikunje upya: una kurasa nane ndogo. Fotokopi hapa Chikongola haikufilisi.

Kazi ipo kwenye kejeli yenyewe. Mimi natafuta habari iliyotangazwa kwa mbwembwe, naisoma hadi nione inachokwepa. “Wakulima wa korosho wafurahia bei.” Mkulima gani kahojiwa? Ni bei ya mnadani, au kinachobaki baada ya makato ya chama, ghala na usafiri? Picha ni ya msimu huu kweli? Ukishajua, buni kijiji, buni mwenyekiti, mwache atangaze kwamba makato nayo yamefurahi sana. Mcheke mwenye kipaza sauti. Bibi anayebangua korosho muache (ana mzigo wake tayari).

Takwimu ziwe za kweli, watu wawe wa kubuni. Andika KEJELI kila ukurasa, maana mtu atapiga picha mmoja tu na kuurusha WhatsApp, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Gazeti nalo lina leseni yake, kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kwa hiyo muulize mwanasheria kabla hujaanza kuuza.