Ombi la ukimbizi likikataliwa Uingereza: mambo ya kuweka sawa huku Moshi

Kijana wako akipokea barua ya kukataliwa kule Leicester, siku zinaanza kuhesabika. Akiwa ndani ya Uingereza, kwa kawaida ana siku 14 tangu barua itumwe awe amekata rufaa. Mimi nina duka la steshenari karibu na stendi ya Moshi. Nachapa, natoa kopi, naskani. Wateja wa jambo hili hunijia siku ya 12, jasho linawatoka.

Kwa hiyo ukipigiwa simu, uliza kwanza barua ina tarehe gani na kama amepewa haki ya kukata rufaa akiwa hukohuko. Yapo maombi wanayoyatangaza kuwa hayana msingi kabisa, na mwenye ombi hilo hana rufaa ya kukatia kule. Mwanasheria wake atatafuta njia nyingine, nyembamba zaidi. Kisha akutumie picha za barua nzima. Kurasa za katikati ndizo zenye kazi, maana hapo ofisa ameeleza aya kwa aya anachokubali na asichokiamini. Unaweza kukuta amekubali kwamba kijana ni wa Rombo na kwamba kweli alipigwa. Anachosema ni kwamba angeweza kuhamia Mwanza au Dodoma akaishi salama. Familia nayo inahangaika na barua kumi za kuthibitisha kipigo ambacho hakuna anayekibisha, na swali la Mwanza linabaki palepale.

Hakimu wa rufaa haitazami karatasi peke yake. Anaisoma sambamba na maelezo yote, akijiuliza imetoka wapi, nani kaitoa na imefikaje. Mama mmoja aliniletea barua ya mtendaji yenye muhuri unaong'aa, imeandikwa wiki ileile ya kukataliwa, ikisimulia tukio la miaka mitatu nyuma kana kwamba mtendaji alikuwepo. Wakati wa tukio mtendaji huyo alikuwa hajahamishiwa kwenye kata ile! Nilimwambia mama, akanuna. Halafu akachomoa kwenye Biblia PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, iliyokunjwa mara nne, tarehe yake ya siku yenyewe, imechakaa kwenye mikunjo. Hiyo ndiyo tuliyoskani, mbele na nyuma, bila kuinyoosha wala kukoleza wino uliofifia. Original alibaki nayo mpaka mwanasheria alipoiomba, na risiti ya kuituma akaitunza. Karatasi ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini na mawasiliano ya mtafsiri. Msiniombe mimi niitafsiri kwa simu.

Ndugu anayetoa maelezo aandike alichokiona mwenyewe. Kama tarehe imemtoka, aseme tulikuwa tunavuna mahindi, inatosha. Asimpigie kijana kumuuliza alisema nini kwenye mahojiano ili akariri.

Rufaa zikiisha, bado anaweza kupeleka ushahidi mwingine, ila uwe tofauti kweli na ule waliokwisha kuupima, na ukiunganishwa na wa zamani ulete matumaini ya kushinda. Barua ya 11 ya kipigo kilekile haifiki hapo.

Halafu kuna kurudishwa. Sisi tunasema "kufukuzwa" kwa yote, lakini wao wanatenga: aliyekosa kibali huondolewa, na mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi kwa kosa la jinai ana utaratibu wake mkali. Muulize yuko upande gani. Asiye na pasipoti hasafirishwi mpaka ubalozi wetu uthibitishe uraia wake na kutoa hati ya safari, na hilo huchukua muda. Lakini anaweza kushikiliwa siku yoyote anapokwenda kuripoti, simu ikachukuliwa. Ndiyo maana namba ya mwanasheria, namba ya faili na majina ya dawa zake viandikwe kwenye daftari huku nyumbani.

Wapo wanaochagua kurudi wenyewe. Serikali ile huwasaidia baadhi yao, hadi pauni 3,000, na marufuku ya kurudi Uingereza yaweza kuwa fupi kuliko miaka 10 ya anayeondolewa kwa nguvu. Liongeleeni hili kwenye kikao mapema, wajomba wakiwepo, kabla halijawa la kunong'onezana. Na mkubaliane nani atampokea uwanja wa ndege wa KIA, na yule mpangaji wa chumba chake cha uani ataambiwa lini.