Paini ya urembo imeadimika? Hivi ndivyo ninavyochagua plaiwudi mbadala

Mteja amekuonyesha picha kwenye simu: kabati la ukutani lenye sura ya paini, rangi ya asali, vifundo hapa na pale. Umekubali kazi na deposit umeshakula. Unapiga simu maduka ya mbao ya Industrial Area, unaambiwa plaiwudi ya paini imeisha. Unashuka soko la Gikomba, zimebaki shiti mbili, na moja imepinda kama chapati iliyokaa juani.

Sisi mafundi wa Nairobi tumeyazoea. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini tangazo la kuiondoa lilikuja Julai 2023. Miaka hiyo ndiyo iliyonifunza kutotegemea aina moja ya mbao.

Hatua ya 1: Jua mteja anapenda nini hasa

Akisema "nataka paini," usimwamini haraka. Muulize: ni rangi, ni michoro, au ni vifundo? Sura ya plaiwudi ya paini, yaani tabaka lake jembamba la juu, hupatikana kwa kumenya gogo likizunguka, kama unavyomenya chungwa ganda lisikatike, ndiyo maana michoro yake ni mawimbi mapana. Mbao ya kupasuliwa mara nyingi ina mistari iliyonyooka zaidi. Mama mmoja wa South B alinisumbua wiki nzima na paini yake, kumbe alichotaka ni vifundo. Nilipomwekea saiprasi alisema, "Si hii ndiyo paini, fundi?" Nilimwambia ukweli, akacheka, kazi ikaendelea.

Hatua ya 2: Angalia itakaa wapi

Karibu na sinki, gundi ina maana kuliko sura. Darini, uzito ndio unaotangulia. Kwa rafu ya vitabu, uliza tabaka za ndani ni za mti gani. Mlango wa kabati la chumbani hauna maneno mengi, mradi tu umenyooka.

Hatua ya 3: Kagua shiti kabla ya kulipa

Hapa usione haya hata mwenye duka akikunja uso. Toa shiti nje kwenye mwanga. Funga jicho moja uangalie kutoka kona hadi kona, kupinda kutajionyesha. Kisha soma ukingo. Tabaka ziwe za hesabu isiyogawika kwa mbili, tano, saba au tisa, kila moja ikikatiza nyuzi za mwenzake. Ukiona tundu linaloingiza ncha ya penseli, jua skrubu yako itaingia hewani. Gonga katikati kwa kifundo cha kidole, kisha pembeni. Mahali sauti inapobadilika ghafla huenda gundi haikushika. Pima unene pia. Nimeshauziwa "18" iliyotoa milimita 16, na bawaba nilizokuwa nimenunua zikawa za bure.

Mwisho omba kipande kidogo, ukachemshe kwenye sufuria saa kadhaa. Kikifunguka kama kitabu kilicholowa, kisikaribie jikoni. Mimi niliwahi kuruka jaribio hilo, nikaamini neno la muuzaji kwamba "hii ni ya maji." Kabla mwezi haujaisha, chini ya sinki sura ilikuwa imevimba malengelenge. Nililipia shiti tatu kutoka mfukoni.

Hatua ya 4: Chagua mbadala

Kama ni vifundo na joto la mbao anayotaka, ninakimbilia saiprasi yetu iliyokauka vizuri, mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu. Lakini kumbuka mbao halisi hupanuka na kusinyaa kwa upana kadiri mvua na kiangazi vinavyopishana. Kwenye mlango wa fremu, ubao wa katikati uuache ucheze ndani ya mfereji. Ukiutia gundi utapasuka. Darini, saiprasi zenye ulimi na mfereji zinapendeza kuliko plaiwudi yoyote, haya ni maoni yangu.

Kama ni mawimbi ya paini, bandika vinia (tabaka jembamba la mbao) ya paini juu ya blokbodi (ubao wenye vipande vya mbao katikati) au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi). Bandika pande zote mbili, hata upande usioonekana uwekewe vinia ya bei nafuu, la sivyo ubao utajikunja. MDF isiende penye maji.

Plaiwudi ya okume, mti wa Gabon, ni nyepesi na laini, ila ina wekundu. Ukitaka asali nyeupe utapigana nayo bure: rangi unaweza kuitia giza, kuing'arisha ni taabu. Ya mti wa popla ni nyeupe na inapokea rangi, ila haina michoro ya kusema. Ya mkaratusi ni nzito na ngumu, mimi huificha ndani ya kabati.

Hatua ya 5: Jaribu rangi kwenye kipande

Paini na saiprasi hunywa rangi kwa mabaka. Pitisha kwanza sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) iliyozimuliwa kwa thina, iache ikauke, gusa na msasa namba 240, ndipo upake rangi. Kwenye plaiwudi ya bei ya chini sura ni nyembamba kama karatasi ngumu, kwa hivyo mashine ya msasa iweke kando, tumia mkono.

Hatua ya 6: Nunua zote siku moja

Shiti za bunda moja hufanana, za wiki ijayo hazitafanana. Nunua na moja ya ziada. Zilaze juu ya vipande vitatu vya mbao, siku chache, ndani ya nyumba zitakapokaa ikiwezekana.

Kile kipande cha rangi ulichojaribu, mpe mteja atie sahihi nyuma na tarehe. Changu hukaa kwenye droo ya benchi mpaka salio liingie kwa M-Pesa.