Kutazama ndege kwa miguu kwenye kinamasi cha Bigodi

Bigodi iko magharibi mwa Uganda, kando ya Msitu wa Kibale, kwenye barabara ya Fort Portal kwenda Kamwenge. Njia inayozunguka kinamasi cha Magombe ina kama kilomita nne na nusu tu, lakini itengee saa tatu au zaidi. Ukiimaliza kwa saa moja na nusu, umefanya mazoezi ya miguu.

Anza kabla ya saa moja asubuhi. Jua likishapanda, mnamo saa nne, ndege wengi hunyamaza na kujificha majanini. Ada hulipwa kwa KAFRED, chama cha wanakijiji kilichoanza mwaka 1992, na hapo hupewa kiongozi. Hata mwenye kitabu cha ndege anamhitaji, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mkuyu upi una matunda wiki hii.

Vaa gambuti, au chomeka suruali ndani ya soksi: siafu hawana huruma. Nguo nyeupe ziache nyumbani.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Za 12x hutetemeka mikononi na huonyesha eneo dogo, na ndege wa vichakani hakungoji umtafute. Irekebishe kabla ya kuondoka. Funga jicho la kulia, tazama maandishi ya bango lililo mbali, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zionekane sawasawa. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu tena, zungusha pete iliyo upande wa jicho la kulia. Ukiiruka kazi hii utaumwa kichwa kutwa na kuilaumu darubini bure. Mwenye miwani akunje mpira wa machoni. Asiye nayo auinue.

Tawi likitikisika, wengi huinamia darubini kwanza, na wakiinua uso ndege hayupo. Mkazie macho ndege, kisha ilete darubini machoni bila kuhamisha uso. Jua liwe mgongoni. Ukilikabili, kila ndege ataonekana mweusi.

Chini ya mkuyu wenye matunda simama dakika ishirini bila maneno. Hapo ndipo pa kumngojea shorobo mkubwa wa buluu, mwenye urefu wa sentimita 75 hivi, kishungi cheusi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Haruki vizuri: hukimbia juu ya matawi, akajirusha na kunyiririka hadi mti wa pili. Kwa hiyo tazama pale alipotua, maana wenzake humfuata mmoja mmoja.

Kwenye mafunjo, masikio hutangulia macho. Kipwe wa mafunjo ana kifua chekundu, utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Ukiona kifua chekundu lakini kichwa na mabawa ni meusi matupu, huyo ni kipwe kichwa-cheusi, anayepatikana pia mbali na mafunjo. Usimwite kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Huacha kula au kulisha makinda aje kumfukuza mpinzani asiyekuwapo.

Kuanzia Novemba hadi Machi ongeza muda, kwani ndege wahamiaji kutoka Ulaya huwa wamefika.

Mbao za vidaraja huteleza zikilowa umande. Kila unapotaka kutazama, simama kwanza.