Jinsi ya kumfuatilia nyigu wa mchanga hadi kwenye tundu lake

Mwongozo huu ni wa ufukwe wa Bagamoyo, ila utakufaa popote pwani penye mchanga mkavu na mivinje. Nyigu ninayemzungumzia si wale wa kundi wanaoning'iniza kiota upenuni. Huyu huchimba peke yake, na kwa kuwa hana kundi la kulitetea, ukimtazama bila kumshika hana haja na wewe.

Hatua ya 1. Nenda kuanzia saa nne asubuhi, jua likiwa kali na upepo haujachachamaa. Tafuta juu ya mahali maji kujaa yanapoishia, pasipokanyagwa sana.

Hatua ya 2. Angalia mchanga unaorushwa nyuma kwa vijipigo vya haraka, kama mbwa anavyofukua. Huyo ni jike, dume hachimbi kiota. Simama kivuli chako kisifike kwenye tundu.

Hatua ya 3. Tazama anachobeba. Akileta nzi, yaelekea ni Bembix (haya ni majina ya kisayansi ya aina za nyigu hawa), ambaye humlisha buu wake kidogo kidogo siku baada ya siku. Mwenye kiuno chembamba kirefu anayekokota kiwavi ni Ammophila. Kiwavi huyo hajafa: sumu imempooza tu, asioze kabla buu hajamla. Anayebeba nyuki ni Philanthus.

Hatua ya 4. Hii usiiruke, ndiyo inayoonyesha akili ya mdudu huyu. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alizungushia tundu la Philanthus koni za msonobari. Nyigu alipotoka aliruka akizunguka hapo juu, akaenda kuwinda. Huku nyuma Tinbergen akalisogeza duara pembeni. Nyigu aliporudi alishuka katikati ya duara, tundu lake likiwa palepale jirani: alikuwa amekariri alama zinazolizunguka.

Sisi tunavyo vitunda vya mvinje, vimejaa chini. Kwanza piga picha ya tundu, kwa sababu wengi wao hufunga mlango wakitoka na hutauona tena. Usichomeke kijiti cha kumbukumbu, nacho atakikariri. Nyigu akiwa ndani, panga vitunda ishirini hivi kulizunguka tundu. Mwache atoke na kurudi mara kadhaa azoee, kisha akiwa mbali hamisha duara zima kiasi cha sentimita 30. Ukishaona anatafuta wapi, rudisha vitunda upesi. Amebeba chakula cha mtoto, si haki kumhangaisha mchana kutwa.

Hatua ya 5. Chunguza vinzi vidogo vya kijivu vinavyomfuata kwa nyuma. Vingine huangusha mabuu yao kwenye mawindo, yakale akiba ya mwenye nyumba. Usivifukuze, andika tu saa na vilichofanya.

Tundu lenyewe usilichimbue. Mchanga mkavu huporomoka, na buu aliyefunuliwa juani hamalizi kukua.